Nyumba ya Bokayo Kwenye Matope ya Chalbi

Mwenye mtoto anayependa barabara akae hapa asikilize. Bokayo wa Kalacha alikuwa naye mmoja, Isacko, na nusura amkose kwa sababu ya maneno mawili tu: peke yake.

Isacko alifika nyumbani mchana, pikipiki yake imejaa vumbi la nchi ambazo mama yake hajui hata majina. Alikuwa ametoka Keptauni, kule Afrika inakoishia, na alikuwa anapanda mpaka Kairo. Juu ya kofia yake ngumu palikuwa na kamera ndogo, inatazama kila mtu kama jicho la nzi. Wanawake wakatoka nje kumwona. Bokayo akampa maziwa ya ngamia, akanywa mpaka chombo kikalia.

"Umekonda," alisema Talaso, jirani.

"Sijakonda, mama. Nimekaza."

"Kinachokaza ni ngoma. Wewe umekonda."

Wakacheka. Bokayo hakucheka. Alikuwa anatazama njia aliyotokea mwanawe, anangoja wenzake wafike.

"Walio nawe wako wapi?"

"Sina mtu, Ayo," alisema Isacko, akimwita mama kwa lugha yao. "Niko peke yangu."

"Mmegombana?"

"Hatujagombana. Safari yenyewe ndiyo hiyo, ya mtu mmoja. Watu wananifuata kwenye simu, maelfu kwa maelfu."

"Wakufuate kwenye simu, na ukianguka wakuokote kwenye simu?"

Kwa Wagabra, watu wa kina Bokayo, mtu anayesafiri peke yake ni mwizi wa ngamia, au amefukuzwa na wenziwe, au akili imemruka. Bokayo alimzaa mtoto huyu, na alijua hana hata moja kati ya hayo. Sasa ni nani aliyemfundisha kujivunia jambo la kuonewa huruma?

Aliyemfundisha alikuwa Nairobi. Ni kampuni ya vinywaji vya makopo, na bwana wake mmoja anaitwa Festus. Walimpa Isacko pikipiki na masharti. Asisindikizwe na mtu. Gari lisimfuate. Mkono wa mwingine usiguse pikipiki. Na kila siku atume picha za video, za kutisha kidogo, ili watazamaji wasichoke. Kesho walitaka picha za jangwa la Chalbi: pikipiki moja katikati ya chumvi nyeupe, kutoka Kalacha mpaka North Horr, bila kuzunguka kwenye mawe ambako magari hupita.

"Katikati hutapita," alisema Bokayo. "Juzi upande wa Marsabit radi ilikuwa inamulika kutwa. Maji ya mlimani hushuka huku kimyakimya. Jana ngamia wangu walifika ukingoni wakakataa kukanyaga."

"Ayo, angalia basi. Pakavu kama mfupa."

"Juu."

Isacko akampigia Festus, akaweka simu wazi ili mama asikie mwenyewe.

"Mama, shikamoo," ilisema sauti, tamu kama makopo yao. "Usiogope. Huyu kijana ni simba."

"Marahaba. Simba hakanyagi Chalbi ikilowa. Wewe umewahi kufika hapa?"

"Nimeona picha zake, mama. Pazuri mno."

"Picha haina matope, baba."

Festus akacheka, akamwambia Isacko kwamba watu wanangoja, na kwamba akizunguka kwenye mawe ataonekana mwoga. Kisha akaaga. Bokayo akabaki ameshika kiuno. Mtu ameketi kwenye kiti chenye magurudumu, mbali huko, anamwita mtoto wa mwenzake simba ili mtoto aingie shimoni!

Isacko aliona uso wa mama yake, akalegea kidogo. "Basi nampigia mjomba Katelo. Yeye yuko upande wa pili. Akisema njia mbaya, nazunguka."

Bokayo akashusha pumzi. Katelo ni kaka yake, mtu wa ngamia, anaijua Chalbi kama kiganja chake. Kwa bahati simu ikaita, maana Katelo hupata mtandao akiwa juu ya kilima tu.

"Nagaa, abuya?" Isacko akamwamkia mjomba wake kwa amani, kama ada.

"Nagaa."

"Watoto?"

"Amani."

"Ngamia?"

"Amani."

"Na njia ya Chalbi?"

"Amani."

"Haya, abuya, tutaonana kesho!" Isacko akakata simu, akamgeukia mama yake ametabasamu. "Umesikia mwenyewe."

Bokayo aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mbona umekata? Hajasema kitu!"

"Amesema amani."

"Isacko! Amani ni mlango. Habari iko ndani ya nyumba. Umegonga mlango ukaondoka!"

Na ndivyo ilivyo kwao. Hata kama nyumba imeungua usiku, mtu akikuuliza unajibu amani, tena na tena, mpaka maswali ya salamu yaishe. Hapo ndipo mnakaa, mnameza mate, na neno linatoka: ila. Kila mtoto wa Kigabra analijua hilo kabla hajaota meno ya pili. Isacko naye alilijua. Lakini miaka ya bweni na miaka ya ofisi ilimzoesha watu wanaojibu swali la kwanza na kukimbia, na sasa yeye mwenyewe alikuwa anakimbia.

Wakapiga tena. Simu ya Katelo haikupatikana. Wakapiga mpaka jua likazama.

"Mjomba angekuwa na neno baya angelitanguliza," alisema Isacko. "Hii ni karne nyingine."

"Karne nyingine, matope yaleyale."

Asubuhi alivaa kofia yake. Bokayo alikuwa na maneno makali mdomoni, lakini anayeondoka hatamkiwi baya, kwa hiyo aliyameza yakamchoma kifua. Akachovya vidole kwenye maziwa, akamnyunyizia mwanawe, akanyunyizia na gurudumu la mbele. "Nenda kwa amani, rudi kwa amani." Isacko akawasha, kamera ikawaka taa nyekundu, akaondoka.

Vumbi jeupe likainuka nyuma yake, refu, zuri kweli. Bokayo alisimama akilitazama. Lilikwenda, likawa jembamba kama uzi. Kisha likakatika.

Halikupungua polepole kama vumbi la mtu aliyefika mbali. Lilikatika tu, kama limepigwa kisu.

"Amesimama kujisaidia," alisema Talaso.

Wakangoja. Vumbi halikuinuka. Pikipiki inayokwenda bila vumbi inakwenda juu ya maji, na pikipiki haiendi juu ya maji. Bokayo aligeuka, akaingia nyumbani kwake, akaanza kung'oa ngozi za ukutani.

"Bokayo, unahama?"

"Nahama. Nakwenda kumwekea mwanangu nyumba huko aliko. Nisaidie!"

Talaso akaelewa, akatupa kikombe chake. Nyumba kwa Wagabra ni ya mwanamke. Yeye ndiye anayeisuka, anayeifunga na kuifungua, anayeipakia kwenye ngamia. Ile ya Bokayo ilikuwa ya harusi yake. Mikeka yake ya katani aliisuka na mama yake, ambaye sasa ni marehemu. Wakaifungua yote, mikeka, ngozi na fito za upinde, wakaifunga juu ya ngamia, wakabeba maji na kamba, wakashika alama ya gurudumu wakiifuata kwa haraka. Nyuma yao palibaki duara tupu, na mafiga matatu ndani yake.

Jua lilikuwa utosini walipomwona. Ngamia alisimama mwenyewe akagoma kabisa. Mbele, chumvi ilikuwa imepasuka kama ganda la yai, na chini yake matope meusi. Pikipiki ilikuwa imezama mpaka kwenye kiti. Isacko alikuwa pembeni yake, amezama mpaka mapajani. Chupa yake ya maji ilikuwa imelala mahali mkono usipofika. Midomo yake ilikuwa myeupe. Alikuwa amehangaika mpaka nguvu zikamwisha, na kila alipojinasua mguu mmoja, wa pili ulizama zaidi.

"Ayo," aliita, sauti imekauka, "usije! Utazama!"

"Nyamaza. Wewe uliambiwa usipite, ulisikia?"

Wakalaza fito kwanza, kisha ngozi, kisha mkeka. Bokayo akalala kifudifudi juu yake, akatambaa, Talaso akimrushia mwingine wa kuweka mbele. Ukafika ule mwekundu, wenye nakshi.

"Bokayo! Huu ni wa harusi!"

"Harusi imekwisha zamani, Talaso. Lete!"

Mkeka wa harusi ukalazwa juu ya matope. Bokayo akamfikia mwanawe, akamnywesha, akamzungushia kamba kwapani. Yeye akivuta huku amelala, na Talaso akimvutisha ngamia kwenye ardhi ngumu, Isacko alitoka kidogo kidogo. Buti moja lilibaki chini. Akatambaa juu ya nyumba aliyozaliwa ndani yake, mkeka kwa mkeka, mpaka ukingoni, akalala hapo analia kama mtoto.

Ndipo walipomwona mtu anakuja kwa kuzunguka ukingo, na punda amebeba mitungi. Alikuwa Katelo. Alikuwa ametembea tangu jana jioni, viatu mkononi. Akafika, akapandisha pumzi, akamtazama Isacko aliyejaa matope mpaka masikioni.

"Ila," alisema Katelo, "katikati pamelowa."

Talaso alianguka chini kwa kicheko na machozi.

"Umekuja kwa miguu kuniambia hilo, abuya?"

"Nilikuwa sijamaliza! Ulikata. Simu ikafa chaji. Habari ya nusu ni deni, na ya namna hii ni mauti. Ni mtu gani, mwanangu, anakata simu kwenye amani? Nani kakulea?"

"Mimi," alisema Bokayo kwa uchungu. "Wengine wakaja kunibomolea."

Walirudi Kalacha jioni. Kamera ilikuwa imeona kila kitu, na walipofika penye mtandao picha zikajituma zenyewe Nairobi. Haikuchukua muda, simu ikaita. Festus alikuwa na furaha kubwa.

"Kaka, hiyo ni dhahabu! Ila tutakata kidogo. Wale kina mama, ngamia, mikeka, yule mzee wa punda, tunawatoa. Wewe utasema umepambana ukatoka peke yako. Pakikauka unarudi kuokota pikipiki, unarekodi tena."

Isacko alikuwa amekaa nje kwa Talaso, mbele ya lile duara tupu. Mama yake akamchukulia simu mkononi.

"Festus, ni mimi."

"Aa, mama! Pole sana kwa..."

"Sikiliza. Mwanangu ametoka juu ya nyumba yangu. Leo sina pa kulala. Wewe unataka kunifuta mimi, kisha unifutie na nyumba? Kila alikopita, huko chini kote, kuna mwanamke alimpa maji na kuna mtu alimwonyesha njia. Mmewafuta wangapi? Mtu wa peke yake hajawahi kuzaliwa, bwana. Hata wewe mwenye makopo kuna aliyekubeba ukamtapikia maziwa begani. Mwanangu harudi huko. Pikipiki yako iko katikati ya Chalbi. Njoo uichukue. Peke yako."

Akakata bila kuaga, na hilo kwa Mgabra si jambo dogo.

Isacko akainuka, akaanza kuosha fito moja moja. Wanawake wakamzomea, tangu lini mwanamume akashika fito za nyumba? Hakuziacha. Zile zilizovunjika alikwenda kukata nyingine. Mkeka mwekundu ulioshwa mara nyingi, chumvi haikutoka. Mpaka leo umekakamaa, na ukiulalia unakukwaruza.

Festus hakuja. Chumvi ilikula pikipiki mpaka ikabaki kutu. Lakini msifurahi. Kampuni ile haikulia, ilitafuta kijana mwingine, na sasa kuna mtoto wa mtu yuko barabarani, anaitwa simba. Huenda ni wako. Akikupigia na kukwambia yuko peke yake, usimpongeze. Muulize maji aliyonayo aliyateka nani. Na usimruhusu akate simu kabla hujasema ila.