Ruhusa ya Anga

Polisi waliokuja kuikamata tiara ya Pok Leh walikuwa wawili, wenye baiskeli mbili, na hakuna aliyekuwa amefikiri namna ya kuibeba. Tiara yenyewe ilikuwa pana kuliko mlango wa msikiti. Walijaribu kuifunga nyuma ya baiskeli, ikakataa. Mmoja akajitwika kichwani, upepo ukataka kuondoka nayo pamoja na mbebaji. Mwishowe wakaziacha baiskeli kwa muuza kahawa, wakaishika huku na huku kama wabebao jeneza, wakashika njia ya mjini kwa miguu. Ule upinde wake wa kichwani, uliofungwa utepe wa ukindu ili uvume, haukujua kwamba umekamatwa. Kila upepo ulipopita, uliimba. Tuliusikia mpaka walipokata kona kwenye mashamba ya mpunga, na siku hiyo hakuna aliyecheka.

Jenab, binti wa Pok Leh, alikuwa amesimama juu ya ngazi ya nyumba yao. Hakuwatazama polisi. Alikuwa akimtazama mumewe, Deraman, aliyekuwa uani akinawa miguu, na akaona kwamba miguu ile ilikuwa imekwisha takata zamani lakini bado inanawishwa.

Sheria iliyoikamata tiara ilitundikwa kwenye ukuta wa mkahawa tangu kabla ya mavuno. Iliandikwa London, kwa makoloni yote kwa mkupuo mmoja, na ingawa sisi Wamalay tuna Sultani wetu na hatupendi kuitwa koloni, ukuta haukuulizwa. Mkuu wa kijiji alitusomea: nani aruhusiwe kurusha ndege, taa iwekwe wapi, nani asipige picha akiwa juu. Tulisikiliza kwa adabu, maana hayakutuhusu. Kisha akafika mahali palipotuhusu. Mtu yeyote akaaye karibu na kiwanja cha ndege asirushe tiara juu ya kipimo fulani bila ruhusa ya maandishi, na kipimo chenyewe, kwa kukadiria, kilikuwa minazi mitatu iliyosimama mmoja juu ya mwingine. Tiara ya kwetu isiyopita minazi mitatu ni ya kuchezea watoto. Mpunga ukishavunwa na upepo ukavuma sawasawa, tunazirusha, tunazifunga kwenye nguzo, tunaziacha zivume alasiri nzima. Watoto wachanga wa kijiji chetu cha Telaga Pinang hawajui wimbo mwingine wa kulalia.

Siku hiyo ya kusomewa sheria, Pok Leh, fundi kuliko mafundi wote wa tiara, alikitua kikombe chake kwa kishindo.

"Upepo huu Mungu alinipulizia kabla ndege yao haijazaliwa," alisema. "Niombe ruhusa? Kesho wataniambia niombe ruhusa ya kupiga chafya!"

Mkahawa mzima ulicheka, na mimi nikiwamo. Lakini wengine waliogopa wakazishusha tiara zao, maana huko msituni vita vya waasi vilikuwa bado, na serikali ilikuwa ikimshuku kila mtu hata kwa gunia la mchele, kwamba anawalisha waasi. Pok Leh peke yake aliendelea kurusha, nyuma ya shamba lake la mipopoo, mahali ambapo mtu wa kiwanjani hawezi kupaona. Basi polisi walipokuja moja kwa moja mpaka nyumbani kwake, bila hata kuuliza njia, swali likawa moja tu: nani kasema?

Deraman alikuwa akifanya kazi kiwanjani. Alifukuza nyati wasilale kwenye njia ya kurukia ndege, na kwa kuwa alijifunza Kiingereza kwa askari baada ya vita vile vikubwa, alikuwa pia mkalimani wa mzungu mkuu wa kiwanja, Tuan Pelham, yaani Bwana Pelham. Isitoshe, wiki hiyohiyo alirudi nyumbani amevaa buti mpya za mpira.

"Kikulacho ki nguoni mwako, shoga," jirani yake Mek Yam alimwambia Jenab sokoni, huku akimpimia dagaa. "Sisemi neno. Lakini buti haziokotwi."

Jenab alilipa, akaondoka. Maneno hayo, hata hivyo, alikwenda nayo nyumbani.

"Wamejuaje?" alimuuliza mumewe.

"Tiara si sindano, Jenab. Inaonekana."

"Kutoka wapi? Kiwanjani haionekani. Wewe mwenyewe uliniambia mipopoo inaziba."

"Rubani akiwa juu anaona."

"Rubani analijua jina la baba yangu? Anajua nyumba yetu ni ipi?"

Deraman alichota maji kwenye mtungi, akanywa yote, akarudisha kata mahali pake.

"Sina la kusema."

"Huna, au hutaki?"

Tangu hapo Jenab akawa na macho mawili yasiyolala. Aliona kwamba mumewe haangalii tena juu, na mtu asiye na hatia, alijiambia, haogopi mbingu. Aliona kwamba baba yake naye hamlaumu mkwewe kwa neno hata moja, ila wakati wa kula humgeuzia bega. Mzee akinyamaza, kimya chake husemwa na wengine. Kijiji kikakisema. Deraman akipita mkahawani, mazungumzo yalihama yakawa ya samaki. Msikitini watu walimsogezea nafasi zaidi ya ile anayohitaji mtu mmoja.

Kwetu mwanamume anayekaa nyumbani kwa wakwe hafukuzwi kwa makelele. Jenab alizikunja nguo za mumewe, akazifunga kwenye kikoi, akaliweka furushi kwenye kidato cha juu cha ngazi. Deraman alirudi kutoka kazini, akaliona, akasimama kidogo. Aliinua macho kwenye dirisha alimokuwa mkewe.

"Mwambie baba alale salama," alisema, akalitia furushi kwapani, akaenda zake kulala katika banda la kiwanjani, palipowekwa ndoo nyekundu za mchanga wa kuzimia moto.

Tulikwenda mahakamani kwa wingi. Hakimu alikuwa Mmalay mwenzetu aliyesoma ng'ambo, na alionekana kama mtu aliyevaa kiatu kinachombana. Tiara iliegemezwa ukutani kuwa kielelezo. Mwendesha mashtaka alitaka kujua kama ule mvumo ni ishara ya kuwaita waasi. Pok Leh alisema waasi, kama wana masikio, bila shaka wanaufurahia, na hakimu akamtaka ajibu alichoulizwa. Kisha hakimu akauliza serikali iliipata wapi habari hii.

Tuan Pelham akasimama, kofia kwapani. Mkalimani wa mahakama akatufasiria, na kila neno lilituingia.

"Hakuna aliyetoa habari. Mzee alikuja mwenyewe ofisini kwangu. Alivaa nguo nzuri, akaleta sinia la tambuu. Aliikiri tiara hiyo mbele yangu."

Nilimtazama Jenab. Alikuwa amemgeukia baba yake, naye Pok Leh alikuwa akiuchunguza ukucha wa kidole gumba kana kwamba hajawahi kuuona. Hakimu alimwonya asirudie, akaamuru tiara ivunjwe kama sheria isemavyo. Ilivunjwa papo hapo nyuma ya mahakama, na mianzi ile iliyonolewa miezi mingi ilikatika kwa sauti ndogo ya kuni.

Njiani kurudi, Jenab alingoja mpaka watu wametangulia.

"Baba, ulikwenda."

"Nilikwenda."

"Ukamwacha mume wangu akafukuzwa."

"Mimi sikumfukuza. Furushi ulilifunga wewe."

Walitembea. Mzee alikuwa na haya, na haya ya wazee ni kali kama hasira. Alikuwa ameapa mkahawani mbele ya watu kwamba haombi ruhusa, kisha akaenda kuomba kwa siri; afadhali mkwe aitwe mchongezi kuliko yeye aitwe mwoga. Lakini alikuwa bado na neno.

"Nilikwenda kuomba ruhusa, Jenab. Mtu akitaka kupita shambani kwa mwenzake hupiga hodi, hupeleka tambuu. Ndivyo nilivyofanya. Yule mzungu hajui lugha yangu, mimi sijui yake. Katikati alikuwa amesimama mumeo. Sasa niambie wewe, ruhusa yangu iligeukia wapi ikawa kosa?"

Jenab alihisi moyo wake, uliokuwa umeanza kulegea, unafunga tena fundo. Hakufika nyumbani. Alikata njia ya kiwanjani na nguo zake za mahakamani.

Deraman alikuwa akikung'uta matope kwenye zile buti. Jenab alikataa kukaa.

"Ulimwambia nini Tuan?"

"Kumbe leo wamesema," Deraman alijibu taratibu. "Nilimwambia pungufu ya kile alichosema baba. Baba alianza hivi: nimeshairusha bila kukwambia, unisamehe, sasa nipe ruhusa. Ndiyo adabu, mtu huanza na kosa lake. Lakini kwa Tuan huko ni kukiri. Nikalimeza neno la kwanza. Nikasema, mzee anaomba ruhusa ya kurusha tiara. Basi."

"Kisha?"

"Tuan akauliza, tiara gani? Kabla sijafungua mdomo, baba keshaelewa. Akainua mkono, akaonyesha juu, palepale ndege zinaposhukia, akavumisha kwa mdomo. Vuuuu! Anatabasamu. Ule mvumo Tuan anausikia kila alasiri tangu ahamie huku. Alidhani ni mtambo wa waasi, kauandikia ripoti juu ya ripoti, na sisi hakuna aliyemwambia ni nini. Ningefanya nini, Jenab? Nimfunge baba yako mkono?"

"Shahidi wako nani?"

"Baba yako."

"Na mimi hukuniambia. Ukakubali kulala na ndoo."

"Ningekwambia aliyeleta polisi ni baba yako, ungeniamini?"

Jenab alizitazama zile buti. Deraman akarudia kukung'uta buti.

"Basi," alisema.

Ilikuwa hadithi nzuri, na uzuri wake ndio uliomtia Jenab mashaka zaidi. Mtu ashindaye akigeuza maneno ya huyu yawe ya yule, atashindwa kuyageuza yake? Tena amekiri mwenyewe kwamba alilimeza neno moja. Aliyemeza moja, nani ajuaye ameongeza mangapi? Jenab alinieleza baadaye kwamba njia ile ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko zote alizotembea, kwa kuwa kila mwisho wake alikuwapo mwongo, na kila mwongo alikuwa mtu wake.

Alimkuta baba yake chini ya nyumba, anachana mwanzi. Wa banda la kuku, mzee alieleza kabla ya kuulizwa.

"Baba, Tuan alipouliza ni tiara gani, ulifanyaje?"

"Nilimjibu."

"Kwa lugha gani?"

Kisu kilisimama. Mzee alitazama mahali fulani juu ya kichwa cha binti yake, na mkono wake ukaanza kuinuka bila kumwomba ruhusa. Kidole kikaonyesha mbingu. Midomo ikajikusanya, ukatoka mvumo mwembamba, kisha mnene, ule wenyewe, na uso wa Pok Leh ukafunguka kama haujawahi kupigwa na jua wala mahakama. Akamwona Jenab anavyomtazama. Mkono ukashuka, ukaanza kukitafuta kisu, na kisu kilikuwa palepale mapajani.

"Alishika kofia yake," mzee alisema. "Aliinuka kitini. Mimi nilidhani amependa."

Jenab alitaka kumkasirikia lakini alimwonea huruma, na vyote viwili vilimuuma mahali pamoja. Akapanda jikoni.

Alipika siku ya pili, asubuhi, kwa utulivu wa mtu anayejua anachokifanya. Wali, samaki wa kuchoma, majani mabichi ya kukatakata, na budu, ule mchuzi wa samaki waliovundikwa ambao Deraman hali wali bila huo. Akafunga kwenye jani la mgomba. Alipopita mbele ya Mek Yam, shoga yake alimwita, "Unakwenda wapi na harufu nzuri hiyo?" Akajibu, "Kwa mume wangu," kwa sauti ya kusikika mpaka mkahawani, na sisi sote tulisikia.

Jua lilikuwa la utosi. Deraman alikuwa amekaa kwenye kivuli cha banda. Alikuwa amekonda. Jenab akaliweka furushi la jani mbele yake kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtu unayemheshimu.

"Nimekuletea chakula."

"Umepika wewe?"

"Mimi."

"Baba yako anajua unakuja?"

"Hajui. Deraman, nimemuuliza. Najua sasa."

Deraman aliitikia kwa kichwa. Hakulifungua jani. Kwetu kila mtu amesikia habari za wanaume waliofukuzwa na wake zao, kisha wakaletewa wali mzuri uliotiwa dawa, wakala. Kuna waliorudi wamelegea kama kondoo, na kuna ambao hawakurudi kabisa. Hayo ni ya kuchekea, katika nyumba zenye amani. Jenab aliyaona macho ya mumewe yanazunguka kwenye mikunjo ya jani, yanakitafuta kile ambacho yeye mwenyewe alikitafuta kwa siku zote zile kwenye buti, kwenye miguu, kwenye kata ya maji.

"Kula wewe kwanza," Deraman alisema.

Hasira ilimpanda Jenab, ikakosa pa kukaa. Alipiga magoti kwenye vumbi la kiwanja. Akafungua jani, akamega tonge kubwa, akalichovya kwenye budu, akampasua samaki katikati akachukua mnofu wa ndani. Akatafuna. Lilikuwa kavu, akalisukuma, akameza.

Kisha akafungua mdomo wazi, kumwonyesha.

Deraman akainama, akatazama ndani.