Marehemu wa Edilma

Kila Jumatatu, siku ya roho, Edilma Rentería alipanda kilima cha makaburi na ndoo, kitambaa na bilauri ya maji. Alipofika kwenye ukuta wenye makaburi ya wasio na jina aligonga kaburi la safu ya pili kwa kifundo cha kidole, mara tatu, kama mtu apigaye hodi kwa jirani, maana roho hazipendi kushtuliwa. Kisha aliweka bilauri, kwa kuwa wafu wa mtoni wana kiu ajabu ijapokuwa walikunywa mto mzima. Ndipo alipofuta vumbi huku akimsimulia marehemu habari za mpira.

Jumatatu ile alikuwa amegonga mara mbili.

"Usiguse, mama, tafadhali."

Aligeuka. Nyuma yake alisimama Maritza, binti wa ofisi ya kutafuta waliopotea, na mkononi ana utepe wa njano. Edilma alimfahamu. Binti huyo kila alipokuja mjini alikuwa na vijiti vyake vya kuchukulia mate ya ndugu wa waliopotea, ili yalinganishwe na mifupa. Edilma hakuwahi kukubali. "Mimi sina maiti," alizoea kumjibu. "Yovany wangu yuko kazini huko juu, mto unakotoka, hajarudi tu." Alimwambia hivyo hata padri.

"Leo sikukujia wewe, Mama Edilma," Maritza alisema kwa upole. "Nimekuja na huyu."

Kando yake alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa milimani kwa jinsi alivyovaa shali katika joto lile. Hakusalimia. Alikuwa akiliangalia kaburi, lililopakwa rangi ya kijani kibichi na nyeupe, rangi za timu, na juu yake jina kwa herufi kubwa: YOVANY RENTERÍA. AMECHAGULIWA.

"Yovany ni nani?" akauliza.

"Mwanangu."

"Humo ndani yumo baba yangu."

Eucaris, jirani wa Edilma, aliyekuwa akisugua kaburi la marehemu wake hatua chache pembeni, akaacha kusugua.

Katika miaka ile ya mauaji, wakati vijiji vya juu vilipokuwa vikimalizwa kimoja baada ya kingine, mto Magdalena ulileta watu kila wiki. Waliowaua walikataza wasiopolewe. Wavuvi wa mji huu waliwaopoa kwa kujificha, wakawatia ukutani, wakaandika herufi mbili, N.N., yaani asiye na jina. Baadaye watu wakaanza kuwachagua, kila mtu na wake. Unampa jina, unamwombea, unampaka rangi, naye anakufanyia hisani. Eucaris aliomba namba za bahati nasibu, na kila wiki alimgombeza marehemu wake kwa kumpa namba mbovu.

Edilma aliomba jambo moja. "Mimi nakutunza wewe, mtoto wa mwenzangu. Nawe mwombe aliye karibu na Yovany amtunze." Hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu aliye kazini aombewe na wafu.

"Mifupa ya ukuta huu ilipimwa mwaka jana," Maritza alieleza. "Huyu ni Anselmo Higuita. Dada Luz Dary ni bintiye. Leo tunamtoa arudi kwao."

"Nani alikupa ruhusa?" Luz Dary alimgeukia Edilma. "Nimezunguka ofisi zote nikimtafuta Anselmo, kumbe kuna mtu huku kamwita jina la mwanawe! Kampaka rangi kama kibanda cha soda!"

"We dada, punguza ukali," Eucaris aliingilia. "Huyo baba yako hakukosa maji hata Jumatatu moja. Uliza wengine humu ukutani, wana nyuki tu."

"Sikuongea na wewe."

"Mimi naongea na wewe."

"Eucaris, nyamaza," Edilma alisema. Alitaka kusema msiniondolee, ninaye huyu tu. Badala yake akasema, "Nilidhani ni kijana."

"Alikuwa na mvi kichwa kizima! Mchunga nyumbu. Hata hiyo timu ya kijani na nyeupe..." Luz Dary akasita. "Kwani ulikuwa unamwambia nini?"

"Habari za mpira. Nani kamfunga nani. Yovany alipenda, basi nikaona naye..."

"Mpira?" Luz Dary alijifunika mdomo kwa shali. Mabega yakamtikisika, na Edilma akafikiri analia. "Baba! Baba aliuchukia mpira kuliko shetani. Wa kaka yangu aliutoboa kwa panga, akasema vijana wa mpira hawajui kufunga hata mzigo wa nyumbu. Na wewe umemsomea mechi miaka yote hii?"

"Hata za kirafiki," Eucaris alithibitisha.

Luz Dary akacheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo wa saruji. Edilma akaketi kando yake, mbali kidogo, kwa aibu ya mtu aliyejikuta amevaa nguo ya mwingine. Kumbe alimwita "mwanangu" mtu aliyemzidi umri. Alimkaripia avae vizuri asipigwe na baridi. Marehemu mwenye mvi, amelala tu, anavumilia.

Kicheko kikaisha. Luz Dary akaendelea kusema, sasa taratibu, akiangalia mikono yake.

"Ilikuwa siku ya soko. Watu wenye bunduki walitukusanya mbele ya kanisa. Wakasema tumewapa chakula waasi wa msituni. Kweli tuliwapa. Nani humnyima mwenye bunduki? Mwezi uliotangulia tuliwapa hata hao waliotukusanya, walichinja kuku zetu wakala kwa vidole. Baba akawakumbusha hilo. Akasema, wewe kijana, sahani uliyolia chakula ni ile pale kwangu. Wakamtoa yeye wa kwanza. Wanaume wote wakatolewa, na wake wawili waliogoma kuwaachia. Sisi wengine tuliambiwa tutazame mto, na atakayeshuka kuwafuata atawafuata kabisa."

"Hukushuka," Edilma alisema.

"Nilikuwa na mtoto mgongoni."

"Ungeshuka, nani angekuja leo?"

Luz Dary alijisogeza, na ule umbali mdogo kwenye ukingo ukaisha.

Mlinzi wa makaburi alianza kugonga tindo. Kijani kikapasuka, jina likavunjika katikati, saruji ikadondoka kwenye ndoo ya Edilma. Maritza aliitoa mifupa kwa glavu, mmoja mmoja, akiupanga katika sanduku dogo jipya la mbao, na alipofunga kifuniko vumbi jeupe lilitanda juu yake. Edilma alinyanyua kitambaa kwa mazoea, kisha akakumbuka, akakishusha.

"Mfute," Luz Dary alisema. "Amekuzoea wewe."

Akamfuta. Alifuta kifuniko, pembe, na misumari. "Nisamehe kwa mpira, Mzee Anselmo," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina lake. Bilauri ilikuwa bado imejaa. Luz Dary aliimwaga polepole mbele ya sanduku, kama wafanyavyo kwao.

"Na Yovany?" akauliza. "Yuko kazi gani huko juu?"

Eucaris alidakia haraka, kama walivyodakia wote mjini kwa kumhurumia. "Anapasua mbao, huko juu anapasua mbao, siku yoyote ata..."

Edilma aliinua mkono. Alitazama tundu tupu ukutani. Hakukuwa na wa kumwekea maji tena. Alisimama, akamwendea Maritza, akaketi mbele ya mkoba wake wa vijiti.

"Yovany amekufa," alisema, kwa sauti iliyosikika ukuta mzima. "Mwanangu amekufa, waliniulia. Chukua mate, binti. Nataka niletewe kwenye sanduku kama hili, nimfute mwenyewe."