Picha Haijatoka Vizuri

…macho, anasema mpiga picha, mama umefumba macho tena, turudie, nami nasema samahani mwanangu, ule mwanga unanishtua, mkono wangu umo ndani ya mkono wa mheshimiwa, mkono laini unaonukia sabuni, na hapa ubavuni mume wangu amelala na barakoa ya hewa usoni, mashine mpya ya oksijeni inavuma, shhh, shhh, bado imevikwa nailoni, na sasa najua kwa nini hawaivui, asubuhi mfagiaji wa wodi aliinama akijifanya anadeki uvunguni, akaninong'oneza, shangazi, usiizoee hiyo, jana ilikuwa hospitali ya ng'ambo ya mto, ikishapigwa picha inapakiwa garini, nikacheka, Mungu nisamehe, nikadhani ananitania, kumbe dereva yule pale mlangoni amekalia boksi la mashine, boksi tupu, anatazama saa… naogopa, jamani, na msaidizi wa mheshimiwa ananiambia tabasamu kidogo mama, watu waone mnavyojaliwa, nijaliwe na nani, miaka ishirini na sita mume wangu amepuliza rangi magari ya watu akiwa amejifunga kitambaa tu puani, jioni anakohoa kwenye karai, ananiita, njoo uone mke wangu, leo nimekohoa bluu, mteja mkubwa huyo, tunacheka wote, tulikuwa tunacheka nini… mashine ya zamani mume wangu alikuwa akipokezana na mzee wa kitanda cha mlangoni, saa mbili yeye, saa mbili mwenzake, juzi ikazima, na mzee naye, kitanda chake kimetandikwa shuka jipya, wageni wasiulize… niseme? niseme mbele ya kamera kwamba mtaondoka nayo? askari wawili wale, watasema huyu mama kachanganyikiwa, watatutoa wodini sote, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, nyamaza, lakini mtazame, midomo yake imerudi rangi leo, ya mtu, si ya gari, kifua kinapanda, kinashuka… mheshimiwa ananong'ona bila kuacha kutabasamu, huyu mama vipi, tuna hospitali nyingine mbili, na mpiga picha anajibu vumilia kidogo mheshimiwa, bila picha nzuri tutakuwa tumekuja bure… bila picha nzuri… mara ya kwanza nilifumba kwa mwanga, ya pili kwa woga, na dereva bado amekalia boksi lake, hakuna aliyeigusa mashine, shhh, shhh… woga haujaniisha, la, ila nimeupatia kazi… mama, tafadhali, nikifika tatu uwe umefungua macho, moja, mheshimiwa anaubana mkono wangu hadi pete yake inaniuma, mbili, namtazama mume wangu akivuta pumzi nyingine moja, kisha nafumba.