Rejista ya Sita

Lifti iliipita ghorofa ya tatu bila hata kuaga, ikasimama katikati ya ukuta. Mlango ukafunguka, ukatazamana na matofali. Ndani hamkuwa na mtu. Mlikuwa na magunia ya mchanga, abiria wa majaribio, na magunia kwa bahati njema hayana ulimi wa kulalamika. Mafundi waliosimama chini ya mnara wa karakana walicheka. Mchomeleaji akasema hii sasa si lifti, ni mlevi anayeutafuta mlango wa kwake.

Taratibu hakucheka. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu alifanya kila jambo hivyo. Hata chai aliikoroga kama mtu anayeogopa kuiamsha. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya chipu inayoiendesha lifti kwa ajili ya kompaila, ile programu inayochukua maagizo yaliyoandikwa na watu na kuyageuza kuwa amri ambazo chipu inazielewa. Kompaila haijapata kuiona chipu. Huamini inachoambiwa: kwamba ndani mna rejista nane, vijichumba vya kuwekea namba kwa muda mfupi, kwamba amri ya kujumlisha hugusa hiki na hiki, na amri ya kuhamisha hutoa huku ikapeleka kule. Ukiidanganya haikasiriki. Huutenda uongo wako kwa bidii zake zote.

Na Taratibu alijua tangu asubuhi uongo ulikuwa wapi. Alikuwa ameandika programu fupi ya kujaza namba katika rejista zote, kuzidisha, kisha kuchungulia. Namba zikiwa ndogo, kila kitu kilibaki mahali pake. Zikiwa kubwa, rejista ya sita ilirudi na takataka. Humo ndimo kompaila ilimoweka namba ya ghorofa, maana maelezo yalisema kuzidisha hakugusi humo. Maelezo yalisema hivyo kwa kuwa mchoro wa chipu ulisema hivyo. Na mchoro wa chipu ulitoka mkononi mwa baba mkwe wake.

Hapo ndipo miguu ilipokuwa mizito. Mzee aliibuni chipu ile kwa miaka, huku watu wakimshauri anunue zilizotengenezwa kwingine kama wanavyofanya wengine. Sasa sanduku zima la chipu hizo lilikuwa limerudi kutoka kiwandani, na kilichochongwa kwenye chipu hakifutiki. Jioni hiyohiyo msimamizi wa hospitali alikuwa anakuja kuitazama lifti ya kubebea wagonjwa. Akiikataa, sanduku lingekwenda jalalani, na kila mtu karakanani alijua mzee hangekaa siku nyingi baada ya sanduku.

Mchana Taratibu alimpigia simu mkewe. Alianzia mbali, kwenye joto la siku ile, akafika polepole kwenye ombi lake: amdokezee baba yake, kwa lugha ya mtoto kwa mzazi. Mkewe alicheka kwanza, kisha akakataa. Alisema yeye ni binti, si tarishi wa rejista, na kwamba baba yake akiletewa neno la kazi kwa mlango wa nyuma atalimeza, na litamuua polepole.

"Mume wangu," akasema mwishoni, "uliponiposa ulituma wazee. Hili nenda mwenyewe."

Ilikuwako njia ya mkato. Aongeze mstari mmoja tu kwenye maelezo: kuzidisha kunaharibu rejista ya sita. Kompaila ingeikwepa, lifti ingepanda, na mzee asingejua lolote. Mstari alikwisha kuuandika. Lakini je, ni kuzidisha peke yake? Ni rejista ya sita peke yake? Yeye aliona moshi tu. Aliyeijenga nyumba ndiye ajuaye moto umepita dari gani. Na lifti ile haikutengenezwa ibebe mchanga.

Akaufuta mstari, akachukua ubao mdogo wa majaribio, wenye chipu moja na kitufe, akaenda.

Mzee alikuwa ameinama chini ya taa ya kukuzia, michoro imejaa ukutani mpaka rangi ya ukuta haionekani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nasikia lifti yako imelewa."

Taratibu alilisikia lile "yako", akaliacha lipite. Akaeleza alichokiona. Mzee, bila kuinua uso, akajibu kwamba kompaila ni mtumishi mgeni. Akivunja vyombo, wa kulaumiwa ni aliyemwonyesha kabati. Akaongeza kwamba alianza kuzidisha namba ndani ya chipu ile kabla hajafikiria kumwoza mtu binti yake. Siku nyingine Taratibu angesema "sawa, baba" na kutoka kinyumenyume.

"Bonyeza mwenyewe, baba," akasema, akauweka ubao mezani.

Mzee akabonyeza. Akazitazama namba. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba kitufe ndicho kilichokosa adabu. Kisha akainuka, akaenda kwenye mchoro uliokuwa chini ya mingine yote, akafuata mstari mmoja kwa ncha ya kidole mpaka kidole kikasimama.

"Namba ikizidi nafasi," akasema, bado ameupa mlango mgongo, "ziada niliiweka katika ya sita. Siku za mwanzo. Nilikusudia kuijengea chumba chake."

"Na kugawa?"

Nje mashine ya kuchomelea ilikuwa ikinguruma. Ikanyamaza. Mzee angeweza kusema hapana, na hakuna mtu chini ya paa lile ambaye angembishia.

"Na kugawa," akasema. "Kugawa kunachafua ya sita na ya tano. Hilo usingelikamata na kibao chako."

Ni kweli, asingelikamata. Taratibu akaukumbuka ule mstari wake mmoja uliofutwa, ambao haukutaja kugawa.

Walirudi pamoja kwenye meza yake. Aliandika, mzee akitaja: amri ipi, inasoma rejista zipi, inaharibu zipi. Walipofika mahali pa kueleza sababu, vidole vya Taratibu vilianza vyenyewe: kwa sababu za kiufundi.

"Futa," mzee akasema. "Andika kwamba mchoraji aliazima rejista akasahau kuirudisha."

"Baba, wataisoma wote."

"Ndiyo maana ya kuandika."

Honi ikalia getini. Mchomeleaji akachungulia mlangoni, akasema wageni wa hospitali wameshuka garini, wanauliza waende wapi. Mzee hakugeuka. Alivuta stuli, akakaa karibu hata mabega yao yakagusana, akavaa miwani.

"Wape chai," akasema. Kisha akamwambia mkwewe, "Turudi juu kabisa. Nisomee yote."

Taratibu akaanza kusoma, rejista moja baada ya nyingine, taratibu kama kawaida yake, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa majina ya watoto wake. Walipofika ya tano alikawia kidogo, kisha akaitikia.