Mwenye Zamu ya Jumanne

Ghaniya binti Thabit alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe hauna dawa hospitalini: kuuliza. Alizaliwa nao Wete, akaja nao Oman mwaka sabini na tatu, pamoja na mume, sanduku na cherehani. Wenzake walimwita Bi Kwanini, na akiitwa hivyo naye huuliza, "Kwani nani kaanza kuniita hivyo?" Mtu wa namna hiyo, nyie, utamficha nini?

Lakini kwa miaka sita kulikuwa na jambo moja ambalo hata yeye hakuthubutu kuliuliza. Kila Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, maji yalikuja shambani kwao, na hakuna aliyejua ni maji ya nani.

Shamba lilikuwa la wanawake wanane, ukingoni mwa wadi, bonde la mto mkavu, nje kidogo ya Ibra. Wote wanane weusi. Saba walikuwa wa kuja, kutoka Unguja, Pemba na Bujumbura. Wa nane, Khole, alikuwa mzaliwa wa papo hapo, Kiswahili kakinyonya kwa mamake aliyelelewa Unguja katika nyumba ya mabwana waliommiliki. Wazee wa mji waliwapa kipande kile kwa karatasi, kwa kuwa kilikuwa mawe na miiba na hakuna mwengine aliyekitaka. Basi wakang'oa miiba, wakapanda muhogo, mchicha, bamia na kunde. Wenyeji walicheka. Waswahili wa Ibra walipopata habari kwamba kuna kisamvu, loo, walikuja mbio na vikapu mkononi! Nyumba nane zikala hapo, na mjane mmoja asiyeona akapelekewa chake kila wiki bila ya kuomba.

Sasa maji. Ibra hunywa kwenye falaj, mfereji wa kale unaoleta maji kutoka chini ya ardhi mpaka mashambani, na kila tone lina mwenyewe. Zamu ya maji hununuliwa na kurithiwa kama nyumba. Na ukimwagilia kwa zamu ya mtu, desturi ni kumpa nusu ya mavuno. Kwa hiyo ile nusu saa ya Jumanne ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hajapata kuja kudai hata fungu la mchicha. Wanawake walikubaliana kuwa ni tajiri fulani wa Maskat aliyesahau.

"Na aliyesahau hakumbushwi," Khole husema, huku akiinama kuliondoa jiwe la mlangoni ili maji yaingie. Kazi ya jiwe ilikuwa yake siku zote. Yeye kakulia kwenye falaj, wenziwe wamekulia kwenye mvua.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo, lakini mwaka themanini na nne mbuzi waliingia shambani mara tatu. Mara ya tatu walikula muhogo wa miezi minane, wakabakisha vijiti. Fawziya, yule wa Bujumbura, mwanamke mkubwa wa mwili na sauti, alikaa chini kwenye tuta akalia. Aliposimama akasema shamba likiliwa tena yeye basi, hospitali wanatafuta wa kufagia. Wawili wengine wakasema nao watamfuata. Ghaniya alihesabu: wakitoka watatu, watano hawataweza kulilima shamba lile, na nyumba nane zitarudi kununua mboga za makopo.

Ndipo akaja Hamdun. Kijana wa Sur, kanzu nyeupe pe, karatasi kwapani, mtumishi wa ofisi moja iliyokuwa ikigawa misaada kwa vikundi vya wakulima wadogo. Si mkopo, alisema, ni msaada: uzio wa waya kuzunguka shamba zima, mbegu, na jembe jipya kwa kila mtu. Mamake alikuwa wa Zanzibar, Kiswahili chake kikawa cha kuungaunga, na wanawake akiwaita khalti, mama mdogo.

"Khalti, hii maji ya nani?" akauliza alipofika swali la saba la karatasi yake.

Wanawake wanane wakatazama wadi kana kwamba kuna mtu anapita.

"Maji ya Mungu," akasema Khole.

"Naam, ya Mungu. Lakini Mungu hatii sahihi, khalti." Hamdun akajifuta jasho. Akaeleza kwa subira, maana alikuwa mtoto wa watu. Mwaka uliopita waliwapa uzio watu wa kijiji kimoja, na waya ulipokwisha kufungwa, akatokea mwenye maji akasema shamba limesimama kwa maji yake, nusu yake. Wale watu wakatawanyika. Tangu hapo ofisi haitoi kitu mpaka mwenye maji atie sahihi kwamba hatadai. "Nakuja Jumanne. Bila jina, khalas, uzio unakwenda kwa watu wengine."

Alipoondoka, ugomvi ukawaka. Fawziya alitaka mwenyewe atafutwe leo leo. Khole akasema hapana, tena kwa ukali ambao hawakuuzoea.

"Mnamjua mwenye maji nyinyi? Hamumjui! Babangu kahudumia mitende ya watu kwa maji ya watu miaka arubaini. Wakati wa mavuno akipewa kichala kimoja kwa kila mtende, na asante akatoa yeye. Mkamwamshe huyo mtu, mtakuja kulala na njaa nyinyi."

"Na tusipomwamsha?" akauliza Ghaniya. "Mbuzi je?"

Khole akachukua jembe lake akaenda zake.

Usingizi wa Ghaniya ukaharibika. Hofu ya Khole aliielewa, na alikuwa nayo yeye pia: pengine wanakwenda kumkumbusha mtu njaa yake. Lakini sasa swali limeshatolewa kifungoni, nani atalirudisha? Akajiambia, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Jumamosi asubuhi akajitanda vizuri, akaufuata mfereji kwa kurudi nyuma, bustani baada ya bustani.

Na alifurahi, tusimsingizie huzuni. Mwanamke yule alikuwa akikanyaga ukingo wa mfereji kama msichana aliyetumwa dukani na kupewa chenji. Alimuuliza mtu aliyepanda njugu: zamu yako saa ngapi, na baada yako nani? Akamuuliza bibi aliyekuwa akifua: kabla ya msikiti maji huwa ya nani? Kufika adhuhuri alikuwa ameipanga Jumanne nzima kichwani, zamu kwa zamu. Kabla yao, nyumba ya kina Sleyum. Baada yao, msikiti. Katikati, nusu saa ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. "Muulize Amur," wakamwambia wote.

Amur ndiye aliyekuwa msimamizi wa zamu. Kazi yake kutazama mti uliosimikwa uwanjani na mawe yaliyopangwa chini yake. Kivuli kikigusa jiwe lako, maji ni yako, na kikilivuka yamekwenda kwa mwengine. Saa ya mkono alikuwa nayo, aliletewa na mwanawe, akaivaa kwa pambo tu. Alikuwa mkali, na alikuwa na jino linamuuma.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Kama umekuja kuuliza la Jumanne, rudi. Nimeapa."

"Kwani umeapa kwa nani?"

"Hilo jina lako si la bure," Amur akanung'unika, lakini akamsogezea kikombe cha kahawa, maana mgeni ni mgeni. "Mwenye zamu ile alisema, Amur, siku utakayotaja jina langu, maji haya nayauza. Basi. Niache na jino langu."

Ghaniya akanywa kahawa. Alijua kumsukuma mzee aliyeapa ni kumkosea yeye na Mola wake. Akaanza kuuliza mengine, ya kupitisha wakati, na kwa kweli alitaka kuyajua pia. Kivuli kikiwa hakuna, siku ya mawingu? Mtu akichelewa? Na lile jiwe la mlangoni mwa shamba, mtu yeyote aweza kuliondoa?

"Mtu yeyote?" Amur aliona kama katukanwa. "Astaghfirullah! Jiwe haliguswi ila na mwenye zamu, au mtu aliyetumwa naye. Mwengine akiligusa ni mwizi wa maji, na hapa watu wameuana kwa hilo. Kila mtoto wa Ibra analijua!"

Kila mtoto wa Ibra, naam. Lakini mtoto wa Wete alikuwa halijui. Kikombe kilisimama njiani kuelekea mdomoni.

"Ami," akasema polepole, "kwetu jiwe huliondoa Khole. Kila Jumanne, miaka sita. Nani amemtuma?"

Amur akautazama mti wake. Akakitazama kivuli. Akashika shavu lenye jino bovu.

"Khole," akasema mwishowe, "hatumwi na mtu."

Ghaniya hakumbuki alivyoaga. Alimkuta Khole nyumbani kwake, anachambua mchele, na uso wa Ghaniya ulitosha kusema kila kitu kabla hajafungua kinywa. Khole akaiweka chini sinia.

"Umejua."

"Kwa nini, Khole?"

"Unaona? Kwa nini, kwa nini!" Alikuwa amekasirika kweli. "Zamu ile ilikuwa ya mabwana zetu. Kwa maji yale yale babangu kawahudumia mpaka kapinda mgongo. Wajukuu wao wamehamia Maskat, wakaja kuiuza, nami nikauza kila kitu nilichovishwa siku ya harusi yangu, na mbuzi wangu wote. Nikayanunua maji ya babangu. Basi nikawa mwenye maji, mimi! Na siku ile ile nikakuoneni nyinyi saba mnang'oa miiba bila ya tone."

"Ungetwambia. Tungekushukuru."

"Ndiyo maana sikusema. Mimi nimekulia miguuni mwa wenye maji, Ghaniya. Najua watu wanavyowaangalia. Siku mkijua, Fawziya ataacha kunitukana. Mtanitengea fungu zuri. Mtaniita bibi. Nina miaka sitini na mbili, na miaka hii sita ndiyo ya kwanza nimelima na watu ambao si juu yangu wala si chini yangu. Unataka kuniondolea hilo kwa ajili ya waya?"

Hapo ndipo Bi Kwanini alipokosa swali. Aliona aibu kwamba furaha yake yote ya asubuhi ilikuwa ikitembea kuelekea kwenye jambo hili. Akasema tu, "Sitasema," na hakusema. Siku tatu. Mumewe alidhani anaumwa.

Jumanne Hamdun akaja, na Amur naye akaja, shavu limefungwa kitambaa, akijifanya anakagua mfereji. Maji yalikuwa yakiingia. Hamdun akakaa mkekani, akafungua karatasi kwenye swali la saba, kalamu juu. Fawziya akamgeukia Ghaniya.

"Haya, wewe uliyezunguka mji mzima. Nani?"

"Sikupata," akasema Ghaniya, akitazama vidole vyake.

Fawziya akatoa pumzi ndefu. Mmoja wa wale waliotaka kwenda hospitali akaanza kukunja kanga yake. Hamdun naye alisikitika, ilionekana. Akaifunika kalamu yake.

"Kijana," akasema Khole. "Maji yakiwa wakfu, nani hutia sahihi?"

"Wakfu?" Hamdun akafikiri. "Wakfu hakuna mwenyewe. Hapana mtu anaweza dai, hata watoto wake. Hiyo bora zaidi ya sahihi. Anayetoa anaweka kidole mbele ya mashahidi, kisha kadhi anaandika."

"Basi andika. Nusu saa ya Jumanne ni wakfu wa shamba hili, kwa kila atakayelima hapa kwa mkono wake, na ukoo wangu hauna haki nayo ila kwa jembe. Amur shahidi, wewe shahidi." Akatoa kidole gumba. "Nitilie wino."

Hamdun alimtia wino, akaandika, akaondoka na karatasi iliyokamilika, akasema waya utakuja kabla ya miezi miwili. Hakuna aliyemsindikiza. Wanawake saba walikuwa wakimtazama Khole kama kwamba kavaa nguo mpya na hawajui waseme imempendeza au la.

Ilikuwa siku ya kugawa mavuno. Fawziya aliyapanga mafungu mkekani, kisha, kimya kimya, yeye asiyejua kunong'ona, akatenga fungu moja kubwa pembeni, bamia changa tupu na mchicha wa kuteuliwa. Akainama kidogo. "Hili lako, bibi," akasema.

Ghaniya aliuona uso wa Khole ukisawijika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Akaruka. Alilishika lile fungu kubwa akalimwaga juu ya mengine, akayavuruga yote kwa mikono miwili, bamia zikaviringika mpaka mchangani. "Tangu lini tunatengeana hapa?" akapiga kelele, machozi yanamtoka na hajali. "Gawa upya! Sawa sawa! Kisha tugawe kwa kisogo, kama tulivyofundishwa na mama zetu!"

Fawziya akagawa upya, mafungu manane na la mjane. Ghaniya akawapa kisogo, uso kwenye wadi, ili ataje majina bila ya kuyaona mafungu. Fawziya akaweka mkono juu ya fungu.

"Hili la nani?"

"La Fawziya!"

"Hili la nani?"

"La mjane!"

"Na hili?"

"La Khole!"

Ghaniya akageuka. Lilikuwa fungu baya kuliko yote, bamia ngumu kama vijiti, mchicha umetobolewa na wadudu. Fawziya alishaunyoosha mkono alibadilishe, kisha akamtazama Ghaniya, na mkono ukabaki pale pale hewani.

Khole alilisogeza fungu karibu. Akaliinua jani moja lenye matundu, akatazama jua kupitia humo.

"Hee!" akasema. "Ndilo langu hili? Wezi wakubwa nyie! Miaka sitini na mbili, nile mabaki ya wadudu?"

Midomo ilimcheza Fawziya. Kisha akakishika kiuno chake, na sauti yake kubwa ikarudi yote.

"Ndilo lako, kizee! Kama hulitaki, liache!"

"Niliache nikupe wewe ukanenepe zaidi?" akasema Khole, na akaanza kuyatia majani yake kikapuni, moja moja.