Mayai ya Studio Namba Mbili

Jumatatu, saa tatu kasoro asubuhi, mafundi wawili walianza kubandua trei za mayai kwenye kuta za Studio Namba Mbili ya kituo cha redio. Trei hizo zilibandikwa miaka arobaini na mitatu iliyopita ili zimeze mwangwi, na kwa kweli zilikuwa zimemeza. Sasa kulikuja sponji mpya za kijivu, zenye dhamana ya maandishi. Trei zingechomwa moto, ila mlinzi wa getini akasema ni dhambi, mbona ng'ambo ya barabara kuna mama anauza mayai na kila siku analilia trei?

Mama Mayai akazichukua zote, mia moja na kumi na mbili. Akazipangusa kwa kitambaa chenye maji, akazianika, jioni akapanga mayai ndani yake. Nyingine alizitambua. Enzi za ujana wake alikuwa muitikiaji wa bendi katika studio hiyo hiyo, mwembamba, juu ya viatu vya raizoni vyenye soli nene vilivyomfanya awaone wapiga gitaa utosini.

Jumanne asubuhi mpishi wa mgahawa unaotazamana na kituo alipasua yai la kwanza. Lilitoka gitaa la umeme, kisha ute, kisha kiini. Ngoma ziliingia mafuta yalipoanza kuchemka. Mpishi akapunguza moto ili ubeti wa pili usikike, akageuza yai kwenye kiitikio, akalipeleka mezani.

Karani wa ardhi, aliyeliagiza, aliweka kikombe chini.

"Huu nilikuwa naupenda kuliko mshahara," alisema. "Nikausahau kabisa. Hebu nipasulie lingine."

Kuusahau hakukuwa kosa lake. Mwaka mmoja kituo kiliishiwa kanda mpya, kikarekodi juu ya kanda za zamani matangazo ya chanjo ya ng'ombe na hotuba za kufungua madaraja. Bendi nzima nzima zilifutwa namna hiyo. Wimbo uliosalimika ulikuwa mmoja tu, "Niazime Mwavuli," kwa sababu uliwahi kutolewa kwenye santuri.

Kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa unakula mayai. Watu walijifunza haraka. Yai la kuchemsha liliimba polepole, tena ilibidi ulimenye kabla kiitikio hakijapita. Ukipiga mayai mawili pamoja, nyimbo mbili ziligombana bakulini hadi moja ikubali kuwa besi. Fundi cherehani alioka keki ya mayai sita, akalazimika kusogeza meza, kwa maana keki ilipofika katikati hakuna aliyeweza kukaa. Mzee mmoja wa magongo alikula nusu yai akacheza nusu wimbo, akapumzika, akamalizia. Majirani waliogombana tangu mwaka juzi walionekana wakipokezana mayai juu ya ukuta, mmoja ana mwanzo wa wimbo, mwenzake ana mwisho. Malalamiko yalikuwa machache na ya haki. Mteja mmoja alirudisha yai lililotoa ala tupu bila sauti, Mama Mayai akambadilishia bila maneno.

Yeye mwenyewe hakupasua hata moja. Alikuwa anatafuta trei yenye alama ya moto.

Hapo inabidi kusema jambo. "Niazime Mwavuli" ulijulikana kwa kila mwenye masikio, na mwishoni mwake mwimbaji anacheka, kicheko kifupi kinachopanda kama mtu anayekimbia ngazini. Santuri ilikuwa na picha ya Malkia, nyota wa bendi, na jina la Malkia. Kila ulipopigwa redioni Mama Mayai alisema, "Huyo ni mimi." Na binti yake, mwalimu wa hesabu aliyeishi naye nyumba moja, alijibu, "Sawa, mama," kwa sauti ile anayotumia kwa mwanafunzi aliyedai daftari lake limeliwa na mbuzi. Jumamosi hiyo kituo kingeadhimisha miaka arobaini ya wimbo huo. Mama Mayai alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: jina lake litajwe redioni, mara moja, hata kwa haraka, hata kabla ya taarifa ya habari.

Trei akaipata chini kabisa ya rundo. Kiongozi wa bendi alikuwa na tabia mbaya ya kuzimia sigara ukutani, palepale kando ya maikrofoni. Kishimo kimoja kilikuwa cheusi hadi leo. Mama Mayai akaweka humo yai moja, kubwa, la kuku wake mwekundu, akaliacha lilale. Kesho yake akampelekea ujumbe Meneja wa Vipindi kwamba anakaribishwa mgahawani, saa nne, kula yai.

Meneja alikuja, maana hakuwa mtu wa kukataa yai. Binti naye alikuja kati ya vipindi viwili, chaki bado vidoleni, akasimama mlangoni ili awe tayari kuona aibu. Karani wa ardhi alikuwepo kwa sababu siku hizo hakuondoka.

Mpishi akapasua.

Kwanza alitoka mtu akikohoa. Kisha sauti ya kiongozi wa bendi, marehemu siku nyingi, ikasema juu ya kikaango: "Malkia leo koo limekauka. Wewe muitikiaji, njoo hapa mbele uimbe. Jina tutaandika lake, usinune. Watu hawanunui sauti, wananunua picha. Haya, moja, mbili!"

Basi mtama ukawa umemwagika kwenye kuku wengi.

Gitaa likaingia, na yule msichana wa raizoni akaimba. Aliimba kuomba mwavuli kama mtu ambaye ni wazi hakuwa na mpango wa kuurudisha. Vijiko vilitulia vikombeni, halafu vikaanza kugonga mapigo. Mpishi alitikisa kikaango kwa mahadhi. Karani alipanda juu ya kiti, akashuka, akapanda tena. Mwishoni kabisa mpiga ngoma aliangusha fimbo, ilisikika ikibingirika sakafuni, na msichana akacheka. Mama Mayai, aliyekuwa amesimama kando ya jiko na mikono kwenye aproni, alicheka papo hapo, kicheko kilekile, ngazi zilezile.

Binti alifuta macho kwa vidole, akabaki na chaki usoni.

Mpishi aliweka yai mezani kwa Meneja, na pilipili manga pembeni. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema.

"Hakuna anayebisha," alisema Meneja huku akikata. "Sauti ni yako, mama. Hata kiziwi angejua. Lakini Malkia ana barabara yenye jina lake. Ukumbi wetu pia. Tukianza kubadilisha majina, barua za watu zitapotea." Akatafuna. "Andika maombi, uambatanishe na ushahidi."

"Ushahidi ndio huo unaoumeza," alisema binti.

Meneja akaangalia sahani. Palibaki kipande cha ute, nacho kilikuwa kimya. Akakila.

"Chumvi ilizidi kidogo," alisema, akashukuru, akavuka barabara kurudi kazini.

Binti alimsindikiza mama yake hadi bandani kwa kuku. Hakurudi kwenye kipindi. Wanafunzi wa kidato cha pili walikaa saa nzima bila milinganyo na hakuna aliyelalamika.

"Mama, nisamehe," alisema. "Miaka yote hiyo ninakuitikia 'sawa, mama, sawa, mama'."

"Umeitikia vizuri tu," alisema Mama Mayai. "Nani anayemjua muitikiaji mzuri kuliko mimi?"

Jumamosi saa kumi za alasiri, trei zilikuwa zimeishiwa nyimbo. Mayai yaliyowekwa tangu Ijumaa yalitoa ute na kiini tu, na watu waliyanunua vilevile, kwa mazoea na kwa matumaini. Redio zilikuwa madirishani mtaa mzima. Mtangazaji alisoma utangulizi mrefu: Malkia, Malkia, sauti ya dhahabu, Malkia wetu. Jina lingine halikutajwa, si kabla ya wimbo wala kabla ya taarifa ya habari.

Binti alinyoosha mkono azime.

"Thubutu!" alisema Mama Mayai. "Ongeza sauti."

Gitaa likaingia. Mama Mayai alivua kandambili akaingia katikati ya ua, kuku wakampisha. Binti, ambaye hakuwahi kucheza hata harusini kwake, alikamata kingo za sketi akamfuata, akihesabu hatua kwa sauti, akikosea, akianza upya. Dirishani kwa fundi cherehani watu walipiga makofi. Karani wa ardhi alikuwa barabarani na mwavuli wazi, ingawa hapakuwa na mvua wala jua kali, akimzungushia kila aliyepita. Binti alicheka mpaka akashika mbavu, akasema anakufa, akaendelea kucheza.

Fimbo ya ngoma ilianguka redioni. Mama Mayai akacheka, na baadaye kidogo redio nayo ikacheka.

"Umewahi, mama!" alisema binti, akihema.

"Mimi siwezi kuwahi," alisema Mama Mayai. "Huyo ndiye anayechelewa."

Wimbo ukaisha. Mtangazaji alivuta pumzi, akawaambia wasikilizaji kwamba huyo ndiye Malkia, na kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayecheka vile.

"Kweli hakuna," alisema Mama Mayai, akavaa kandambili zake akaenda kuwapa kuku maji.