Paa la Bibi Tomie

Nilikuwa juu ya paa, theluji imenifika kiunoni, Bibi Tomie alipochungulia kutoka dirisha la ghorofani na kuanza kunipigia kelele. Mlango wa chini ulikuwa umefukiwa tangu mwanzo wa Januari. Majira hayo kila mtu katika kitongoji cha Sawanome aliingia na kutokea dirishani, na hakuna aliyeona ajabu.

"Mwalimu! Shuka ule! Wali unapoa!"

"Bado upande wa kaskazini, Bibi."

"Upande wa kaskazini una miguu? Utakimbia? Shuka, nimekwambia!"

Sikushuka. Niliendelea kukata theluji kwa koleo la mbao, bonge baada ya bonge, nikiyasukuma hadi ukingoni na kuyasikia yakidondoka bustanini kwa kishindo. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, binti wa Norwe, theluji naijua tangu nazaliwa na ubishi naujua kuliko theluji. Nilipomaliza nikateremka kwa ngazi, nikainama kwa adabu, nikamwambia asante lakini sihitaji chochote, nikashika njia ya kurudi mjini. Alibaki dirishani na bakuli mkononi. Leo nimepita miaka themanini, bado naishi bonde lile lile, na nikimkumbuka na bakuli lake naona haya.

Misheni ilinituma kwa Mchungaji Igarashi, aliyekuwa na kanisa dogo la Kilutheri mjini Kuranuma, katika nyumba kuukuu iliyokuwa ikifugiwa viwavi wa hariri. Waumini walikuwa tisa, na kati yao wawili ni mchungaji na mkewe. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watoto nyimbo, kutembelea wagonjwa, na kuwasomea Biblia kina mama waliokubali kusomewa. Kwa miaka miwili hakubatizwa hata mtu mmoja. Baraza la misheni kule nyumbani liliniandikia barua za upole, na upole wao uliniuma kuliko kama wangenitukana.

Mwezi wa Novemba ilikuja telegramu. Baba alikuwa amefariki. Kwa meli ningefika baada ya wiki sita, kaburi limeshaota barafu. Mchungaji alitaka kuwatangazia waumini Jumapili ile, nami nikamkatalia katakata.

"Nimekuja huku kufariji watu," nilimwambia. "Sikuja kufarijiwa."

"Haya, mwalimu. Lakini huo ni mzigo mzito kuubeba peke yako."

Sikulia. Hilo nililiona ushujaa. Ila kila nilipotulia, hata dakika tano tu, kifua kilinibana nikawa natafuta pumzi, kwa hiyo nikaacha kutulia. Kisha ukaja ule mwaka wa theluji kubwa, ambao wazee wa bonde hili bado wanauhadithia. Wanaume walikuwa wamekwenda Tokyo kufanya vibarua vya ujenzi kama kila majira ya baridi, na mapaa yalibaki kwa wanawake na vikongwe. Paa lisiposafishwa kwa siku nne, mihimili inaanza kulia. Nikachukua koleo.

Bibi Tomie alikuwa mjane wa miaka sitini na minane. Mwanawe wa pekee, Eikichi, alikufa vitani kisiwani Luzon. Serikali ilimletea mama yake kisanduku cha mbao, na alipokifungua alikuta karatasi yenye jina, basi. Hakuwa na mfupa wala ukucha wa mtoto wake. Alichokuwa nacho ni kibao cheusi kilichoandikwa jina la marehemu, kimesimama ndani ya kabati dogo la kuwakumbukia wafu ukutani. Kila asubuhi kwa miaka kumi na saba alikiwekea wali wa moto na kukipa habari za kijijini, nani kazaa, nani kagombana na nani. Mimi aliniruhusu nimsomee Injili akiwa anasuka viatu vya majani, kwa sababu, alisema, sauti yangu ilimzuia kusinzia.

Paa lake nililipanda kila baada ya siku tatu. Na kila niliposhuka alikuwa na kitu mkononi: wali, maharage matamu, matunda yaliyokaushwa. Vyote nilivikataa. Nilijiona nahubiri mahubiri bora maishani mwangu. Neema ni ya bure, nilimwambia, hailipwi, ndiyo maana mimi nami silipwi. Siku moja alimpa jirani yake, Bi Kane, mtungi wa figili zilizochachuliwa aniletee kanisani. Niliubeba mtungi ule dakika arobaini kwenye theluji, nikaurudisha.

Bi Kane alinikuta njiani. Mama huyo alikuwa na ulimi kama msumeno. "Wee binti, hata mbwa wetu akipewa kitu anapokea! Wewe umeumbwa na nini?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania tu.

Kule Sawanome ukinisafishia paa, mimi nitakuja kukupandikizia mpunga. Ukiniletea mboga, sahani yako hairudi tupu. Hakuna anayetaka kuishi akimtazama jirani yake kutoka chini. Niliyaona haya kwa miaka miwili, kila siku, kwa macho yangu haya mawili, na sikujiuliza hata mara moja yananihusu vipi.

Mwezi wa Februari Bibi Tomie alikuja kanisani. Alitembea peke yake katika theluji ile, akakaa mstari wa mbele, akaimba nyimbo asizozijua. Akaja tena, na tena. Katikati ya Machi alimwambia Mchungaji Igarashi kwamba anataka kubatizwa.

Jamani, furaha iliyokuwapo! Mke wa mchungaji alilia. Mimi niliandika barua nyumbani siku ile ile, wino hata haujakauka nikaikimbiza posta: Pasaka tunabatiza. Kwenye mafundisho ya ubatizo Bibi Tomie aliuliza swali moja tu, tena bila kuniangalia usoni.

"Na Eikichi?"

Nikamjibu kama kijitabu chetu kilivyoelekeza. Kile kibao hakibaki katika nyumba ya mbatizwa.

"Basi," alisema. Akaendelea kusuka.

Ijumaa iliyotangulia Ijumaa Kuu nilikwenda kwake kumfanyisha mazoezi ya majibu ya ibada. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, na maji yalitiririka kutoka kwenye paa kila upande. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya lile kabati. Milango yake ilikuwa wazi na ndani hakukuwa na kitu. Kibao kilikuwa mapajani mwake, amekifunga kwa kitambaa cha zambarau. Mtawa wa hekalu la Kibudha, alinieleza, amekubali kumpokea Eikichi na kumtunza pamoja na wafu wengine wasio na watu.

"Asubuhi nimempa wali wa mwisho," alisema. "Nimetia na njegere. Anapenda njegere."

Alikaza fundo la kitambaa, kisha akalikaza tena.

Sijui kilichonifanya niulize. Swali lile nilipaswa kuliuliza Februari. "Bibi, kwa nini unataka kubatizwa?"

"Swali gani hilo, siku imeshapangwa?"

"Niambie tu."

Alivuta pumzi. "Umepanda paa langu mara ishirini na moja. Mimi nilikuwa dirishani nikihesabu. Wali hutaki. Figili hutaki. Nikajiuliza, mtoto huyu wa watu anataka nini kwangu? Nikawaza sana. Mwisho nikaona, kuna kitu kimoja tu mnachokitaka nyinyi. Kila ukija unakisema. Basi, chukua. Ni changu, nakupa kwa moyo mmoja, ili na mimi niweze kulala usingizi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kwa heshima kubwa, kama mtu anayekabidhi kitu safi.

Nataka niwe mkweli hapa. Nilijiambia Mungu anaingia kwa mlango wowote ule, hata dirisha. Nilijiambia barua imeshafika, Baraza limeshafurahi, huenda wameshaisoma mbele ya makanisa. Nilijiambia imani itamjia baadaye. Nilihitaji neno moja tu, "Vizuri, Bibi," na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kulisema.

Akainuka, kibao kifuani. Akakiinamia na kukinong'oneza, "Haya, Eikichi, twende. Hekaluni hakuna baridi. Mama atakuwa anakuja."

Nilimshika mkono, jambo ambalo huku halifanyiki.

"Bibi, usimtoe. Nakuomba usimtoe. Mimi sikukupa chochote."

"Mara ishirini na moja si chochote?"

"Baba yangu amekufa. Novemba. Sikwenda kumzika. Nikitulia nashindwa kupumua, Bibi, ndiyo maana nilikuwa napanda. Ungenifukuza pale juu sijui ningekwenda wapi. Wewe ndiye uliyenipa. Mimi nilikuwa napokea, nikajifanya mtoaji."

Alinikodolea macho. Nilidhani atalia, au atanifariji. La hasha! Alikasirika.

"Novemba? Leo ni Aprili, wewe! Umepanda juu ya paa langu ukiwa na msiba, miezi yote hii, na mimi nimekaa chini nakuita ule kama mtu asiye na shida? Watu watasema nini? Mpumbavu mkubwa! Nani kakufundisha kuficha kifo?"

"Nilifundishwa ku..."

"Nyamaza! Jina lake nani?"

"Halvard."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa anashona viatu."

"Mkali?"

"Kidogo. Alikuwa anapiga mluzi akishona. Mluzi mbaya sana."

Akalifungua lile fundo la zambarau, akakitoa kibao, akakifuta vumbi kwa mkono wa nguo yake na kukirudisha kabatini. "Kaa, Eikichi," alimwambia. "Tuna mfiwa nyumbani." Halafu akanikalisha na kuniuliza habari za baba yangu hadi giza likaanza kuingia. Neno ubatizo halikutajwa, si na yeye wala na mimi.

Nilipofika mjini nilimweleza Mchungaji Igarashi kila kitu. Alikuwa anakata kuni. Aliliweka shoka chini.

"Uliandika nyumbani?"

"Niliandika."

"Basi andika tena." Akakaa juu ya gogo. "Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu baada ya vita. Tulikuwa na njaa, na mmisionari mmoja alikuwa anamletea mama unga kila wiki. Mama akasema, tutamrudishia nini mtu huyu? Hatukuwa na kitu. Akanitoa mimi nibatizwe."

Nikamuuliza kama anajuta.

"Hapana. Mungu nimempata, ni wangu sasa." Aliokota shoka lake. "Lakini hakuna aliyeniuliza, mwalimu. Wewe umeuliza."

Baraza lilijibu baada ya mwezi, Pasaka imeshapita, kwa upole uleule. Sikuwalaumu. Nilivunjika moyo, sikatai. Nilikuwa nimemtaka mtu huyo mmoja kwa nguvu zangu zote.

Asubuhi ya Pasaka waumini walikuwa tisa kama kawaida, na mimi wa kumi. Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili mlango uliposukumwa. Aliingia Bibi Tomie. Nikiri tu kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha, kwamba labda amekuja kubatizwa baada ya yote, na hata leo najilaumu kwa furaha ile. Ndipo nikaona amevaa nguo nyeusi, zile zenye alama ya ukoo, za mazishini. Nyuma yake akaingia Bi Kane, naye kavaa nyeusi. Kisha mwingine, na mwingine, wanawake wote wa Sawanome, kumi na wanne, shanga za sala mikononi, tope hadi magotini. Kanisa lile halikuwahi kujaa hivyo. Wimbo ukatufia mdomoni.

Bibi Tomie alikuja hadi nilipokuwa, akapiga magoti, akaweka viganja sakafuni na kuinamisha paji la uso. Akatamka maneno yale ambayo huku huambiwa kila aliyefiwa, neno kwa neno, bila kuyaharakisha. Aliposogea akaja Bi Kane. Naye akainama, ulimi wake wote ukiwa umetulia.

"Tumechelewa," alisema. "Hatukuambiwa."

Wakaja mmoja mmoja, wote kumi na wanne. Mchungaji alishusha kitabu chake cha ibada na kusubiri.

Nilikuwa sijui nifanye nini na mikono yangu. Wageni wametoka mbali, wamelowa, wana baridi. Nikainuka haraka kwenda jikoni kuwachemshia maji, maana hilo nililijua. Bibi Tomie akanidaka upindo wa nguo.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaandalia chai, Bibi."

"Keti hapo, mwanangu. Mfiwa haandai chai."

Bi Kane alikuwa ameshatangulia jikoni. Nilimsikia akimuuliza mke wa mchungaji birika liko wapi. Nikaketi.